Alama Hazinunuliwi

Wako vijana wetu wengi, wahandisi, wauguzi, wahasibu, waalimu na wataalamu wa kompyuta, ambao siku hizi wameazimia kwenda kufanya kazi katika nchi za mbali. Kuazimia si kosa. Mtu aliyesoma kwa jasho la wazazi wake ana haki ya kutafuta mahali ambapo ujuzi wake utapata kazi na malipo yanayoustahili. Lakini twaona kwa masikitiko ya kwamba wengi katika hao humwendea dalali kabla hawajaisoma sheria. Humkabidhi fedha za shamba lililouzwa au akiba ya miaka mingi, kisha hukaa wakiingoja viza kama mkulima angojaye mvua wakati wa kiangazi. Leo twapenda kulisema jambo hili waziwazi. Na ili maneno yetu yasiwe ya jumla tu, tutaichukua nchi moja iwe mfano, nayo ni Australia, kwa sababu utaratibu wake wa viza za ujuzi umeandikwa na kutangazwa, na kila ajuaye kusoma aweza kuusoma.

Yafaa kwanza tukumbuke nchi hiyo ilikotoka. Mwaka 1901 Bunge la Australia lilipitisha Sheria ya Kuzuia Wahamiaji, na ndani yake mlikuwa na mtihani wa imla. Afisa wa bandarini aliweza kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha yoyote ya Ulaya aliyoitaka yeye afisa, na mgeni aliyeshindwa kuyaandika alikataliwa kuingia. Kwa hila hiyo watu weusi na watu wa Asia walifungiwa mlango bila ya sheria kulitamka neno rangi. Mwaka 1934 mwandishi mmoja wa Ulaya, Egon Kisch, ambaye serikali ya huko haikuzipenda siasa zake, alipewa imla kwa Kigaeli cha Scotland, maana lugha nyingine nyingi za Ulaya alikuwa akizijua. Mtihani huo ulifutwa na sheria ya mwaka 1958, na mwaka 1973 serikali ya Gough Whitlam ikaiondoa kabisa hesabu ya rangi katika mambo ya uhamiaji. Tangu mwaka 1979 nchi hiyo imewapima wataalamu wageni kwa alama.

Twaikumbusha historia hii kwa sababu moja. Imla ile ya zamani hakuna mtu aliyeweza kujiandaa nayo, kwani swali lilikuwa moyoni mwa mtahini. Kipimo cha leo kina ugumu wake na pengine kina ukali wake, lakini swali lake lajulikana miaka mingi kabla ya siku ya mtihani. Basi ni aibu kubwa kwa msomi kuuendea mtihani ambao maswali yake yametangazwa, huku yeye amemlipa mtu mwingine amsomee.

Tuitazame hesabu yenyewe. Kwa kanuni zilizotumika mwaka 2024, aliyetaka viza ya ujuzi inayokwenda kwa alama alitakiwa awe hajatimiza miaka 45 siku ya kualikwa, na awe na alama zisizopungua 65. Umri wa miaka 25 hadi 32 ulipewa alama 30. Walio na miaka 18 hadi 24, na wale wa miaka 33 hadi 39, walipewa 25, na wa miaka 40 hadi 44 walipewa 15. Shahada ya kwanza au ya pili ilikuwa na alama 15, na udaktari wa falsafa 20. Kazi ya ujuzi iliyofanywa nje ya Australia kwa miaka 3 au 4 ilipewa alama 5, kwa miaka 5 hadi 7 alama 10, na kwa miaka 8 au zaidi alama 15. Kwa upande wa Kiingereza, aliyepata 7 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS alipewa alama 10, na aliyepata 8 katika kila sehemu alipewa 20. Asiye na mume au mke alipewa alama 10. Mwenye ndoa alipewa 5 ikiwa mwenzi wake alifaulu Kiingereza kwa kiwango cha kawaida kilichowekwa, au 10 ikiwa mwenzi naye alikuwa na ujuzi uliopimwa na kukubaliwa.

Sasa na tumfikirie mhandisi wa ujenzi mwenye miaka 32. Ana shahada, amefanya kazi miaka 5, amepata 7 katika kila sehemu ya Kiingereza, na mkewe amefaulu mtihani wa lugha. Umri wampa 30, shahada 15, kazi 10, Kiingereza 10, mke 5. Jumla ni 70. Amevuka kizingiti. Lakini barua ya mwajiri wake wa zamani yachelewa, nakala ya matokeo ya chuo yachelewa, na miezi kumi yapita akienda na kurudi ofisini. Katika kungoja huko atimiza miaka 33. Alama za umri zashuka hadi 25, na jumla yake yarudi kuwa 65, palepale kizingitini. Hakufanya kosa lolote wala hakusahau elimu yake. Karatasi tu ndiyo iliyomla alama 5. Na kama angeitumia miezi hiyo kumi kukisoma Kiingereza hata akapata 8 katika kila sehemu, angekuwa na alama 75 pamoja na kupungukiwa kwake kwa umri. Hesabu hii hapana dalali awezaye kuibadili. Saa na kitabu ndivyo viwezavyo kuibadili.

Tena ifahamike ya kwamba alama 65 ni ruhusa ya kupanga foleni tu. Tangu Julai 2012 mambo haya hupitia utaratibu uitwao SkillSelect. Mtu huandika humo tamko la nia yake, akaeleza umri, elimu, kazi na lugha, kisha hungoja. Wenye alama nyingi huitwa kwanza, na wakiwa sawa kwa alama hutangulia aliyezifikia mapema. Tamko hukaa miaka 2, na mtu asipoitwa hufutika. Akiitwa ana siku 60 za kupeleka maombi yenyewe, na hapo ndipo anapolipa ada ya serikali, ambayo kwa mwombaji mkuu peke yake ni zaidi ya dola 4,000 za Australia. Na hapa twaomba msomaji aliweke neno hili moyoni: kuandika tamko la nia hakulipiwi hata senti moja. Yeyote akuombaye ada ya serikali ya kuingiza jina lako katika SkillSelect aomba kitu kisichokuwapo.

Ziko njia nyingine pembeni ya hiyo kubwa. Jimbo la Australia laweza kumpendekeza mtu ambaye kazi yake yahitajika huko. Kwa viza ya namba 190 pendekezo la jimbo humwongezea alama 5. Kwa viza ya namba 491 humwongezea 15, ila atalazimika kukaa na kufanya kazi katika maeneo yaliyotajwa kwa viza hiyo. Viza hiyo ya pili ni ya miaka 5, na baada ya miaka 3 mwenye kuyatimiza masharti aweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mhandisi wetu mwenye 65 aweza kuwa na 80 kwa njia hii. Kila jimbo lina orodha yake ya kazi, nazo hubadilika. Mtu mwenye kufikiri huzisoma orodha hizo mwenyewe kila mwaka, wala hangojei kuambiwa na mpita njia.

Lakini kabla ya alama kuna mlango wa kwanza, nao ndio wengi wanaokwama. Ujuzi wa mtu hauna budi kupimwa na chombo cha taaluma yake. Wahandisi hupimwa na Engineers Australia, wauguzi na ANMAC, wataalamu wa kompyuta na ACS, waalimu na AITSL. Kila kazi ina namba yake ya tarakimu 6 na maelezo ya shughuli zake, na anayepimwa lazima aonyeshe kwamba shughuli alizofanya ndizo hizo. Cheo chake hakitoshi. Mhandisi ambaye shahada yake haimo katika Mapatano ya Washington ya mwaka 1989 huandika taarifa ndefu yenye masimulizi matatu ya kazi alizozifanya kwa mikono na akili yake, na taarifa hiyo hukaguliwa isije ikawa imenakiliwa kwa mwingine. Mtaalamu wa kompyuta ajue ya kwamba ACS aghalabu hukata miaka 2, na pengine 4 au zaidi, kutoka katika uzoefu wake kabla ya kumhesabu kuwa mjuzi kamili. Aliyejihesabia miaka 8 akajipa alama 15 aweza kukuta amehesabiwa miaka 6, na alama zake ni 10. Asiyelijua hilo mapema huandika alama asizokuwa nazo, na mwaliko unaotokana na alama hizo humgeukia ukawa hasara, kwani maombi yatakataliwa na ada hairudi.

Hapa twaziona kasoro za kwetu. Barua nyingi za waajiri wetu husema tu ya kwamba fulani alikuwa mtumishi wetu, mwenye tabia njema, na twamtakia heri. Barua ya namna hiyo yafaa kwa karamu ya kuagana. Inayotakiwa ni barua yenye anwani ya ofisi, tarehe ya kuanza na ya kuacha kazi, saa za kazi kwa juma, mshahara, na shughuli alizofanya mtu moja baada ya moja, pamoja na sahihi ya mkubwa anayeweza kuulizwa akajibu. Nyuma ya barua hiyo lazima pawe na ushahidi: hati za mshahara, taarifa za benki, kodi iliyolipwa, michango ya NSSF. Kijana aliyelipwa taslimu bila hati kwa miaka mitatu atajikuta akiwa na miaka mitatu isiyokuwapo mbele ya sheria. Kwa hiyo twawaambia hata wale wasio na nia ya kwenda popote: zitunzeni karatasi zenu. Mtu hajui kesho itamtaka nini.

Liko pia jambo la majina. Kwa desturi zetu mtu aweza kuitwa kwa jina la baba katika cheti cha kuzaliwa, akaongezewa la babu shuleni, na la ukoo katika pasi ya kusafiria. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Kwa afisa asiyetujua, hao ni watu watatu. Yapasa tofauti hizo zisahihishwe kwa kiapo mapema, kabla ya maombi. Na hati yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiarabu, kama vile hati ya ndoa, itafsiriwe kwa Kiingereza na mfasiri anayeandika jina lake, anwani yake na sifa za ujuzi wake. Kadhalika mtu atatakiwa cheti cha polisi cha mwenendo mwema kutoka kila nchi aliyokaa jumla ya miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu alipotimiza miaka 16. Aliyesoma Kampala, akafanya kazi Nairobi, na sasa yuko Dar es Salaam, aanze kuvikusanya vyeti hivyo vitatu mara tu aonapo mwaliko wake unakaribia.

Sasa turudi kwa dalali. Hatusemi ya kwamba kila wakala ni mwizi. Katika Australia, atoaye msaada wa uhamiaji kwa malipo lazima awe mwanasheria mwenye leseni au wakala aliyesajiliwa na mamlaka iitwayo OMARA, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi, kila mmoja na namba yake. Anayehitaji msaada, kwa mfano aliyewahi kunyimwa viza au mwenye maradhi yaliyomo katika masharti ya afya, na amtafute wakala wa namna hiyo. Lakini sheria hiyo haimlazimishi aliye nje ya Australia kujisajili. Huo ndio mwanya wanaopenyea walaghai. Mtu hukodi chumba kimoja mjini, akatundika picha ya daraja la Sydney ukutani, akawatangazia watu viza ya uhakika. Hapana viza ya uhakika. Asemaye ana mtu wake ndani ya ofisi ya uhamiaji, asemaye alama zitapatikana, asemaye lipa nusu sasa na nusu ukifika, huyo ni kupe, na damu anayoinyonya ni ya wazee waliouza ng'ombe ili mtoto asafiri.

Tena si fedha tu zinazopotea. Dalali hufungua akaunti ya maombi kwa anwani yake mwenyewe, akaficha neno la siri, na mwombaji hajui kilichoandikwa kwa jina lake. Akiandikiwa miaka ya kazi asiyoifanya au akitiliwa barua ya uongo, atakayeulizwa ni yeye mwombaji. Sheria ya Australia huyakataa maombi yenye hati au habari za uongo, na humzuia mtu kupata viza nyingi za nchi hiyo kwa miaka 3. Uongo ukihusu nafsi yake mwenyewe, ya kwamba yeye ni nani, ni miaka 10. Mhandisi wa miaka 38 aliyefungiwa miaka 3 atarudi mlangoni akiwa na 41, amekwisha pungukiwa alama 10 za umri. Na aahidiwaye kazi kwa mwajiri wa huko kwa sharti la kumlipa mwajiri huyo ili amdhamini, ajue ya kwamba sheria ya mwaka 2015 ililiharamisha jambo hilo kwa anayepokea na kwa anayetoa, na viza iliyopatikana hivyo yaweza kufutwa.

Basi tunamshauri nini mtaalamu? Kwanza, aisome sheria katika tangazo la serikali yenyewe, kwa tarehe ya siku ile anayoisoma, kwani kanuni hizi hubadilika na tuliyoyaandika hapa ya mwaka 2024 yaweza kurekebishwa. Pili, ajihesabie alama zake kwa haki, bila ya kujipendelea. Tatu, aanze na upimaji wa ujuzi na mtihani wa lugha, maana bila ya hivyo viwili hakuna tamko la nia lenye maana. Nne, akaunti iwe yake, neno la siri liwe lake, na kila ukurasa unaopelekwa kwa jina lake awe ameusoma. Tano, akiona hesabu haimtoshi, akubali kwamba haitoshi kwa sasa, aongeze lugha au uzoefu, wala asiuze shamba kununua kisichouzwa.

Na wakubwa wa ofisi zetu nao tuna neno nao. Msajili wa chuo anayeikalia nakala ya matokeo miezi sita, baraza la taaluma lisilojibu barua ya kuthibitisha usajili wa muuguzi, mkuu wa utumishi anayeona kuandika barua yenye shughuli za mtu ni kumsaidia kutoroka: hao wote wanampunguzia mwananchi mwenzao alama bila ya kujua, au kwa kujua. Hati ya mtu aliyoitolea jasho ni haki yake, si hisani ya mwenye muhuri. Twapendekeza kila ofisi ya namna hiyo itangaze siku ambazo hati itatolewa, na siku hizo zikipita mtu awe na mahali pa kushtaki. Twapendekeza vilevile serikali zetu ziwe na dawati la kuwaeleza wananchi bure taratibu za nchi zinazowaita wataalamu. Mahali pasipo na habari za kweli, dalali hujenga duka.

Wako watakaotuuliza: je, gazeti sasa lawafundisha watu kuikimbia nchi? Swali hili ni la haki, hasa kwa wauguzi na waganga, ambao hospitali zetu zawahitaji. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni zake za uajiri wa wahudumu wa afya mwaka 2010, na mwaka 2023 likatoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa, zikiwamo Tanzania na Uganda, ambazo nchi tajiri zimeambiwa zisiende kuwavuta watu wao. Kanuni hizo hazimkatazi mtu mmoja mmoja kuomba kazi kwa hiari yake, wala sisi hatutamwita msaliti. Ombi letu kwa serikali ni kwamba wamshike mtaalamu kwa mshahara, nyumba na vifaa. Wasimshike kwa kumfichia karatasi. Lakini twasema pia ya kwamba aendaye kwa macho yake mwenyewe hubaki na uwezo wa kurudi na ujuzi na mtaji. Aendaye kwa deni la dalali hurudi na deni, au haendi kabisa akabaki nalo hapa hapa.

Wazee wetu walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini hawakusema mwenda kwa kudanganywa. Kwa hiyo twawaomba wazazi wasiuze kitu mpaka mtoto amewaonyesha hesabu ya alama zake kwa mkono wake mwenyewe, na twawaomba vijana wasimlipe mtu yeyote mpaka wameweza kuieleza hesabu hiyo mbele ya wazazi wao bila ya msaada. Atakayeshindwa kuieleza bado hajawa tayari kwa safari, na fedha zake na zikae mahali zilipo.